Mwili Ukificha Chuma, Una Sababu

Mtu akilalamikia uchovu na kizunguzungu hapa Nairobi, ushauri huja kabla ya kipimo: ale maini, managu na terere, anywe juisi ya bitiruti, kisha apitie kwa kemisti anunue dawa ya kuongeza damu. Ushauri huo haukutoka hewani, maana ukosefu wa madini ya chuma ni miongoni mwa sababu kubwa za upungufu wa damu duniani, na tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaosagwa viwandani utiwe madini hayo. Wapo hata hivyo watafiti wanaotahadharisha kwamba chuma kidogo katika damu si lazima kiwe upungufu, kwa kuwa mwili una protini ambazo kazi yake ni kukificha. Kambi hii ya pili huonekana kana kwamba inawanyima wagonjwa tiba, lakini kuitazama hivyo naona si kuitendea haki.

Chuma kikiachwa huru huzalisha kemikali kali zinazoharibu utando wa seli, na bakteria pamoja na vimelea vya malaria hukihitaji ili kuzaliana. Ndiyo maana hakitembei peke yake. Molekuli moja ya transferini, protini itengenezwayo na ini, hubeba atomu mbili za chuma, na kwa mtu mwenye afya ni takriban theluthi moja tu ya nafasi zake zilizojaa, hivyo chuma chochote kinachojitokeza hunaswa upesi. Akiba huwekwa ndani ya feritini, tufe lenye uwazi katikati lililoundwa kwa vipande 24, ambalo linaweza kuhifadhi hadi atomu 4,500 hivi.

Hesabu inayostahili kutafakariwa ni hii. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini, lakini kinachobebwa na transferini kwa wakati wowote ni miligramu 3 hivi. Uboho nao unadai miligramu 20 hadi 25 kila siku za kutengeneza chembe nyekundu, ilhali utumbo hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu. Karibu chuma chote kinachobaki hutoka kwa seli za wengu na ini zinazomeza chembe nyekundu zilizozeeka na kukirudisha chuma chake kwenye damu, kwa hiyo miligramu zile 3 hubadilishwa mara kadhaa kwa siku. Seli hizo zikizuia mzigo wao kwa saa chache tu, chuma cha kwenye damu kinashuka ingawa mwili haujapoteza hata miligramu moja. Anayetoa amri ya kuzuia ni hepsidini, homoni ya ini ambayo huufunga mlango pekee wa chuma kutoka ndani ya seli, yaani feroportini, na maambukizi huipandisha upesi. Mtoto mwenye homa anayepimwa leo anaweza basi kuonekana hana chuma, kumbe kimefichwa.

Kumlazimishia chuma mtoto wa namna hiyo kuna gharama. Utafiti wa Pemba uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa miligramu 12.5 za chuma pamoja na foliki asidi kila siku, mahali penye malaria nyingi, walilazwa hospitalini au kufariki kwa takriban asilimia 12 zaidi ya wenzao, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa mapema. Katika Pwani ya Kenya, matokeo ya 2015 yalionyesha kuwa unga wa virutubisho wenye chuma uliwaongezea watoto wachanga bakteria hatari na uvimbe matumboni.

Hata hivyo, utafiti huohuo wa Pemba uliona kwamba watoto waliokuwa na upungufu halisi walinufaika, na Shirika la Afya Duniani halikukataza chuma penye malaria, bali lilitaka kiambatane na kinga na tiba ya malaria. Kwa mama mjamzito hoja ya vidonge ina nguvu zaidi. Mimba hudai karibu miligramu 1,000, na ugali kwa sukuma ukifuatwa na chai ya rangi hauwezi kuzifikisha, maana chuma cha mboga hufyonzwa kwa shida na chai hukipunguza zaidi. Hepsidini yenyewe hushuka mimba inapokua, na hapo mwili na kliniki husema jambo moja. Tena mlango ukifungwa kwa miezi kwa sababu ya ugonjwa sugu, ulinzi hugeuka kuwa maradhi.

Kwa hiyo mimi naelemea upande wa kuzisoma protini hizi kwanza, na kuzisoma kwa pamoja. Feritini hupanda mtu akiwa na uvimbe au maambukizi, hata akiba yake ikiwa ndogo. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu kwa mtu mzima mwenye afya kuanzia chini ya maikrogramu 15 kwa lita, lakini kwa aliye na maambukizi kiwango ni chini ya 70. Karatasi ya maabara yenye feritini ya 40 ina maana mbili tofauti, na bila kipimo cha CRP, protini inayopanda wakati wa uvimbe, daktari hawezi kujua ni ipi kati ya hizo aliyonayo mezani.