Somo la kwanza la wingu liwe kusoma bili

Kozi nyingi za kompyuta za wingu, yaani kukodi seva za kampuni kubwa kupitia intaneti, zinaanzia pale pale: fungua akaunti, weka kadi, washa seva. Habari ya bili huja mwishoni, ikija, wakati watu wameshaanza kufunga kompyuta zao. Kwangu mimi huo ni mpangilio uliopinduka, na wanaoumia ni wale wasio na mwajiri wa kuwalipia: wanafunzi, vijana wanaojenga programu yao ya kwanza, vikundi vidogo vya Dar na Nairobi vinavyotafuta dola kwa shilingi za mfukoni.

Sisi tuna sababu yetu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Tumezoea kulipa kabla ya kutumia. Umeme wa LUKU ukiisha, nyumba inaingia giza. Bando likiisha, intaneti inakata. Basi mtu akiweka bajeti ya dola 10 kwenye AWS, huduma ya wingu ya Amazon, anaamini kabisa kwamba zikifika 10 kila kitu kitasimama. Hakisimami. Bajeti ya AWS, usipoipangia hatua ya kuchukua, inakutumia barua pepe tu, na mashine zinaendelea kuhesabu. Ya Google Cloud ni hivyo hivyo. Isitoshe, taarifa za gharama huchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo onyo linaweza kukufikia ukiwa umeshavuka kiwango zamani.

Wapo pia wanaotumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa, wakaiacha bila salio wakidhani wamejikinga. Kadi ikikataa, deni halifutiki. Linabaki kwa jina lako, na akaunti inaweza kusimamishwa pamoja na kazi zako zilizomo.

Sasa tuiangalie bili yenyewe. Chukua mwanafunzi aliyefuata mafunzo yanayosifia usalama: seva ndogo ya aina ya t3.micro ndani ya mtandao wa faragha, diski ya GB 30, na NAT Gateway, yaani lango linaloiwezesha seva hiyo kufikia intaneti. Kwa bei za AWS za kanda ya Virginia, Marekani, mwezi wa saa 730, seva ni kama dola 7.60. Diski, ya aina ya gp3, ni dola 2.40. Anwani moja ya hadharani ya intaneti (IPv4) ambayo NAT Gateway inaihitaji, na ambayo tangu Februari 2024 inalipiwa dola 0.005 kwa saa hata ikiwa inatumika, ni dola 3.65. NAT Gateway ni dola 32.85, na hapo hata baiti moja haijapita. Kila GB inayopita inaongeza dola 0.045.

Jumla inakaribia dola 46.50, na seva ambayo mwanafunzi anadhani ndiyo anayoilipia ni chini ya dola 8. Hili linanikera hasa, kwa sababu bidii yake haimwokoi. Akiona bili imepanda atakimbilia kuzima seva, na atakuwa amegusa sehemu ndogo tu ya bili.

Akifungua Cost Explorer, zana ya AWS ya kuangalia gharama, na kupanga gharama kwa huduma, NAT Gateway haitaonekana kwa jina lake. Imefichwa ndani ya mstari unaoitwa EC2-Other, pamoja na diski na gharama za kusafirisha data. Abadilishe mpangilio, achague kupanga kwa aina ya matumizi, yaani Usage Type. Hapo ndipo NatGateway-Hours inajitokeza peke yake, na diski zinajitenga. Kama ningeruhusiwa kumfundisha anayeanza kitu kimoja tu, ningemfundisha kubofya hapo. Grafu nzuri na programu za kulipia za kuchambua gharama zinaweza kusubiri.

Lebo ni jambo la pili. Kila unachokiwasha kipe lebo ya mradi na ya mwenyewe siku hiyo hiyo. Kwenye AWS haitoshi kuiandika. Lazima uende sehemu ya malipo ukaiwashe kama lebo ya kugawia gharama, la sivyo ripoti haitaiona. Watu wengi wanaishia hatua ya kwanza, kisha wanashangaa ripoti ikiwa tupu.

Halafu kuna kuzima na kufuta. Seva ya EC2, huduma ya AWS ya kukodi seva, ikizimwa, diski yake inaendelea kulipiwa. Kwenye Azure, wingu la Microsoft, mashine iliyozimwa kutoka ndani ya mfumo wake wa uendeshaji inaendelea kutoza hadi uiachilie (deallocate) kwenye tovuti yao ya usimamizi. Na hifadhidata ya RDS, huduma ya hifadhidata ya AWS, uliyoisimamisha inajiwasha yenyewe baada ya siku 7. Ukienda likizo ya wiki mbili, utaikuta inafanya kazi bila mteja hata mmoja.

Nitoe haki inapostahili. Tangu Julai 2025, mteja mpya wa AWS anaweza kuchagua mpango wa bure wa miezi 6 ambao haumtozi mpaka aamue mwenyewe kuhamia wa kulipia, na sehemu ya salio la kuanzia anaipata kwa kukamilisha kazi ndogo ndogo, mojawapo ikiwa ni kuweka bajeti. Anayejifunza leo achague mpango huo bila kusita.

Lakini mpango wa bure unaisha, na siku moja mtu huyo atakabidhiwa akaunti ya kampuni. Ndiyo maana nawaomba wakufunzi: kipindi cha kwanza, kabla seva yoyote haijawashwa, leteni bili halisi ya mwezi mmoja iliyofutwa majina. Kila mwanafunzi aonyeshe mistari mitatu mikubwa kuliko yote, aeleze kila mmoja unatozwa kwa saa, kwa GB au kwa idadi ya maombi (requests) yanayotumwa kwenye huduma, kisha aseme angeanza kufuta nini na kwa nini.