Tukishageuza nyimbo kuwa MP3, tufute zile za awali?

Mtu aliyejaza kompyuta kwa muziki alioutoa kwenye CD zake huwa anapewa ushauri mmoja: zigeuze faili zote ziwe MP3, kisha zile kubwa za FLAC au WAV, zinazotunza sauti yote bila kupoteza kitu, zifute, kwa kuwa zinakula nafasi na sikio halitambui tofauti. Ushauri huu una nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali, kwa hiyo ni haki kuanza nao.

MP3 inachezwa kila mahali. Redio ya gari la mwaka 2006, spika ndogo ya kuchomeka flashi, simu ya vitufe: kwa kawaida vinaisoma, na vingi kati ya hivyo havijui FLAC ni kitu gani. Tangu Aprili 2017, taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, iliyoshiriki kuibuni, iliposimamisha utoaji wa leseni, hata suala la ada za hataza limekwisha. Kuhusu sikio, faili ya MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, ikitengenezwa na programu nzuri kama LAME, wasikilizaji wengi hawaitofautishi na CD pale wanapopimwa bila kuambiwa ipi ni ipi. Mimi nimejipima hivyo jioni kadhaa, na nilibahatisha zaidi ya nilivyotambua.

Kwa bahati mbaya, watetezi wa FLAC hupenda kusimama papo hapo kwenye masikio, hoja dhaifu kuliko zote walizo nazo. Wakishashindwa, msimamo wao wote huonekana kuwa majivuno ya wenye vifaa vya bei kubwa. Hoja yao yenye uzito huanzia siku ambayo faili italazimika kugeuzwa tena.

FLAC hubana sauti kama mtu anavyokunja shuka: ukiikunjua, kila biti iko mahali pake, na ndani ya faili hubebwa alama ya kuhakiki inayowezesha programu kuthibitisha hivyo. MP3 hupunguza kwa kutupa. Hukadiria kile ambacho sikio litakikosa, hukiondoa, na kilichoondolewa hakirudi. Hilo si kosa, ndiyo kazi yake. Tatizo ni kwamba AAC na Opus, miundo mingine ya kubana sauti, nazo hutupa, kila moja kwa makadirio yake, hivyo ukigeuza MP3 kuwa AAC unamkabidhi fundi wa pili nguo ambayo wa kwanza amekwisha kuipunguza, naye anakata kwa kipimo chake bila kujua pindo liliishia wapi.

Nina mfano wa nyumbani. Miaka mingi iliyopita nilipeleka kaseti za taarab za marehemu baba kwenye kibanda kimoja cha kurekodi, nikarudishiwa diski ya MP3 za kilobiti 128. Nilizigeuza kuwa AAC ili ziingie kwenye simu niliyokuwa nayo. Ile diski ikakwaruzika, basi nikazirudisha zile AAC kuwa MP3 kwa ajili ya gari. Leo, katika wimbo mmoja, njuga za rika, ile tari ndogo, zinasikika kama mchele unaomwagwa kwenye sinia, na kila uzi wa ganuni unapodonolewa hutanguliwa na mchakacho mdogo, kana kwamba mpigaji anavuta pumzi. Sababu yake inajulikana: MP3 hushughulikia sauti kwa vipande vya sampuli (vipimo vya sauti) 1,152, karibu sehemu 26 kati ya elfu za sekunde moja, na kelele inayozalishwa na ubanaji huweza kutapakaa ndani ya kipande hadi kabla ya pigo lenyewe. Ugeuzaji mmoja wa kilobiti nyingi huificha, lakini mitatu ya kilobiti chache imeianika, na hapo hahitajiki mtaalamu wa kuisikia.

Inabaki nafasi, na hesabu hii nimeirudia mara nyingi. Tuseme mtu ana CD 300 za dakika 45 kila moja. Sauti ya CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, za biti 16, kwa chaneli mbili, yaani kilobiti 1,411 kila sekunde. Mkusanyiko mzima unakaribia gigabaiti 143. Tukikadiria kwamba FLAC itaushusha hadi asilimia 60, ni gigabaiti 86. MP3 za kilobiti 320 ni gigabaiti 32. Ugomvi wote, basi, ni wa gigabaiti 54 hivi. Mwaka 1999 kiasi hicho kilizidi diski nzima ya kompyuta ya kawaida ya nyumbani, na aliyefuta wakati ule hakuwa na namna. Sasa aina zote mbili kwa pamoja, gigabaiti 118, zinaingia kwenye flashi moja ya 128. Bado tunarithishana ushauri wa enzi ya diski ndogo, huku simu zetu zikibeba video za harusi ambazo hatutazitazama tena.

Nakubali kwamba nafasi ya diski si gharama pekee. Anayetaka nakala ya akiba mtandaoni na anaishi kwa bando la simu ataziona gigabaiti 86 kwa jicho tofauti, na kwake diski ya pili iliyowekwa kwa ndugu ina maana zaidi. Aliyenunua nyimbo zikiwa MP3 tangu mwanzo naye hana la kufuta, aziache zilivyo. Kuzigeuza kuwa FLAC, kama wengine wanavyofanya kwa matumaini ya kuzisafisha, huzalisha faili kubwa zaidi yenye mapengo yaleyale, na jina lake humdanganya atakayeirithi. Faili ya namna hiyo ikifunguliwa kwenye programu ya spektrogramu, inayochora sauti kuanzia nzito chini hadi nyembamba juu, mara nyingi huonekana mstari mnyoofu karibu na kilohezi 16, na juu yake giza tupu, pale sauti ilipotupwa.

Kwa mwenye CD zake mkononi, utaratibu ni mwepesi: atoe FLAC mara moja, azihifadhi sehemu mbili, na kila kifaa kipya akitengenezee MP3 au Opus kutoka hapo, ambazo anaweza kuzifuta wakati wowote. Zile kaseti za baba bado zipo kwenye boksi la viatu. Mbili utepe wake umeganda; zilizobaki nimeanza kuzirekodi upya kwa WAV, upande mmoja kila Jumapili.