Durban, Cape Town au Izmir: jiji la bahari linamlipa nani anayetoka Arusha na Moshi?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, familia nyingi za Arusha na Moshi zinazofikiria chuo cha nje hurudia majina yaleyale: Cape Town, Durban, na siku hizi Izmir kwa wanaosaka ufadhili wa Uturuki. Yote ni majiji ya pwani yenye pilikapilika, na si kosa kijana kuyapenda. Lakini pilikapilika hizo huwafaidi wa kozi chache tu, ilhali gharama yake humwangukia kila mwanafunzi, hasa kwenye kodi ya chumba.

Tuanze na wanaofaidika. Durban ni moja ya bandari kubwa za makontena barani Afrika. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal (UKZN) kina kitengo cha sheria na masomo ya bahari, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban (DUT) kina idara ya masomo ya bahari. Anayesomea usafirishaji au sheria za mizigo anakuwa na bandari yenyewe karibu na darasa, na kazi zake zinamsubiri Dar es Salaam na Tanga. Kwa Cape Town, anayefaidika zaidi ni mtu wa hoteli na mikutano, fani ambayo Arusha inaihitaji kila siku. Uhasibu, hisabati au programu za kompyuta ni habari nyingine. Hapo bahari haiongezi chochote kwenye cheti.

Upande wa ada, Mtanzania ana nafasi ambayo wengi hawaitumii. Itifaki ya Elimu ya SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo) ya mwaka 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watozwe ada kama wenyeji, na vyuo vingi vya umma vya Afrika Kusini huifuata, ingawa baadhi huongeza tozo ya wanafunzi wa kimataifa. Kwa hiyo ukiona kiwango kinachotisha kwenye jedwali la ada, hakikisha kwanza kwamba hukusoma safu ya wasio wa SADC.

Nafuu hiyo ndiyo inayomezwa na makazi. Mwaka wa masomo Afrika Kusini huanza Februari, na Cape Town huo ni msimu wa watalii uliopamba moto tangu Desemba. Wenye nyumba hupata zaidi kwa mgeni wa wiki moja kuliko kwa mwanafunzi wa mwaka mzima, kwa hiyo vyumba hupungua wakati uleule wanafunzi wanapomiminika. Anayefika bila chumba atatakiwa kulipa amana pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, na mara nyingi atasukumwa mbali na chuo, ambako nauli nayo inamsubiri. Maombi ya bweni yaende pamoja na maombi ya chuo, yasisubiri barua ya kukubaliwa. Durban ina unafuu wa kodi, na hilo peke yake linatufanya tuiweke mbele ya Cape Town kwa familia ya kipato cha kati.

Ila soma jina la kampasi. UKZN ina kampasi Pietermaritzburg, takriban kilomita 80 kutoka baharini, na kilimo hufundishwa huko. DUT nayo ina kampasi mji huohuo. Kijana wa Moshi anayejaza kilimo akiwaza ufukwe atajikuta bara, katika mji tulivu, jambo ambalo kimasomo pengine ni heri kwake.

Viza ndiyo inayoharibu safari nyingi. Mtanzania huingia Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90 bila viza, na baadhi huona hiyo ni njia ya mkato: aingie kwanza, abadilishe akiwa kule. Kanuni za mwaka 2014 zimeziba njia hiyo kwa wageni wa matembezi. Viza ya masomo huombwa ukiwa nyumbani, pamoja na cheti cha polisi, ripoti ya daktari na bima ya afya iliyosajiliwa Afrika Kusini. Ukishaipata unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, lakini usiiweke kazi hiyo kwenye bajeti. Takriban theluthi moja ya nguvukazi ya nchi hiyo haina ajira, na mgeni huwa wa mwisho kwenye foleni.

Usalama nao upimwe kwa uwazi. Durban ilishuhudia mashambulizi dhidi ya wageni mwaka 2015, vurugu na uporaji Julai 2021, na mafuriko ya Aprili 2022 yaliyoua zaidi ya watu 400 jijini na mkoani. Hayo hayaifuti Durban, ila yanafanya chumba ndani ya chuo au jirani kabisa kuwa lazima.

Izmir tunaipendekeza kwa mwenye ufadhili tu. Mfumuko wa bei wa Uturuki ulivuka asilimia 85 Oktoba 2022 na kodi za nyumba zikapanda nao. Ufadhili wa Türkiye Bursları hulipa ada, bweni, bima, posho, tiketi ya ndege na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Shahada ya kwanza hutaka umri chini ya miaka 21 na wastani wa angalau asilimia 70, au 90 kwa udaktari wa tiba. Tatizo ni kwamba unaorodhesha chaguo zako, kisha unapangiwa. Unaweza kuomba Izmir ukapelekwa mji wa bara wenye theluji.

Kalenda nayo haimsubiri mtu. Dirisha la Uturuki kwa kawaida hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20, kabla hata ya mtihani wa Mei. Chuo Kikuu cha Cape Town hufunga mwishoni mwa Julai, wakati wahitimu wengi wako kambini JKT, kwa hiyo mzazi abaki na nakala za vyeti, pasipoti na nywila ya barua pepe. Vyuo vya umma vya KwaZulu-Natal hupokea maombi ya shahada ya kwanza kupitia ofisi moja, CAO, kwa kawaida hadi Septemba 30. Kabla ya kulipa popote, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama chuo na kozi hiyo vinatambuliwa Tanzania, na kama wakala anayekuhudumia amesajiliwa.