Seta mmoja au wawili? Hesabu ya mzunguko kwenye uwanja wa vumbi

Timu za sekondari zikianza kujiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, walimu wa mpira wa wavu hapa Tabora huurudia ubishi uleule: timu iwe na seta, yaani mchezaji anayewapangia wapigaji mpira, mmoja au wawili?

Wanaotaka mmoja wana hoja nzito. Wapigaji huuzoea mkono mmoja, wakajua mpira utapaa kiasi gani na utashukia wapi. Tatizo ni kwamba mzunguko haumbembelezi mtu. Kila timu inayopokea servisi, mpira wa kuanzisha, ikishinda pointi, wote sita husogea nafasi moja kufuata mwendo wa saa, hivyo seta huyo atakaa mbele mizunguko mitatu na nyuma mitatu. Akiwa nyuma, wavuni kuna wapigaji watatu na bloku ya wapinzani, ukuta wa mikono unaozuia wavuni, haijui imkabe nani. Akiwa mbele wanabaki wawili.

Hapo wengi hufunga hesabu. Mimi naangalia pale anapokuwa namba 5, kushoto nyuma. Wakati wa kupokea, hadi servisi inapopigwa, sheria inamtaka awe nyuma ya namba 4 (kushoto mbele) na kushoto kwa namba 6 (katikati nyuma). Ndiyo maana utamwona amejibanza mgongoni kwa namba 4, kisha anachomoka kukimbilia upande wa kulia wa wavu. Kwenye ukumbi wa sakafu anafika. Kwenye vumbi letu la Juni, pokezi likiishia mstari wa mita 3, anafika amechelewa, na shambulizi linageuka kuwa kurudisha mpira tu.

Seta wawili hukaa mkabala: 1 na 4, 2 na 5, 3 na 6. Mmoja yuko mbele muda wote, na hatua mbili zinamtosha. Gharama yake ni kwamba hupati wapigaji watatu mbele hata mara moja. Ukisema aliye nyuma ndiye apange, unawapata, ila zile mbio umezirudisha. Ukisema utabadilisha wachezaji, kumbuka ni mara 6 tu kwa seti, na aliyeanza akitoka hurudi mara moja, tena kwa nafasi ya yuleyule aliyempisha.

Mimi ningeanza na wawili, hadi pale mipira 6 kati ya 10 ya kupokea itakapokuwa inafika karibu na wavu. Lakini wapinzani wangu katika ubishi huu wana jiwe moja ambalo huwa hawalirushi. Kwetu seta ni yule mfupi kuliko wote, kana kwamba ufupi ni kipaji. Wavu wa wanaume una mita 2.43. Seta mfupi akiwa mmoja, bloku yako ina pengo mizunguko mitatu. Wakiwa wawili, pengo lipo mizunguko yote sita. Kwa hiyo anayechagua wawili lazima amfundishe kijana mrefu kupanga mpira, yule yule ambaye kila mwalimu anataka apige tu.