Print inachapa wapi?

Mpwa wangu ana miaka 12. Jumamosi nilimkalisha mbele ya kompyuta tuanze Python, lugha ya kuandikia programu. Akaandika print("Habari za asubuhi"), akabonyeza Enter, salamu ikatokea kwenye kioo. Nikangoja afurahi. Akanigeukia: "Mjomba, si umesema print ni kuchapa? Mbona hatuna printa?"

Ameuliza la maana. BASIC, lugha nyingine ya programu, ilipoanza kutumika chuoni Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, wanafunzi walikaa mbele ya teletype, mashine ya kuandikia iliyounganishwa na kompyuta, na PRINT iligonga herufi kwenye karatasi kwelikweli. Karatasi zikaondoka, neno likabaki, na sasa tunamfundisha mtoto jambo ambalo macho yake yanalikana.

Kuna vifurushi vidogo, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine ili usakinishe na kuutumia, ambavyo kazi yake yote ni kuipa print jina jingine. Watengeneza programu wengi huviona mchezo. Mimi naona wazo lenyewe ni zuri, ila kifurushi hakihitajiki. Tangu toleo la Python 3 litoke Desemba 2008, print si agizo la lugha tena, ni fanksheni, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina, na jina lake ni jina tu kama mengine. Mstari mmoja unatosha:

onyesha = print

Basi. Kwenye Python 2 mstari huo ungekataliwa palepale. Ya nini kusakinisha msimbo wa mtu usiyemjua kwa kazi ya maneno mawili na alama ya sawasawa? Machi 2016, left-pad, kifurushi cha mistari 11 tu, kiliondolewa kwenye npm, hazina ya vifurushi vya lugha ya JavaScript, na miradi mingi ikakwama kwa saa kadhaa, hata ya watu ambao hawakujua kwamba wanakitegemea.

Lakini kinachonikera zaidi ni uchaguzi wa neno. Wengi hukimbilia "chapa", kwa kuwa kamusi imesema hivyo. Kwa mtoto, chapa ni fimbo, au nembo kwenye mfuko wa unga. "Chapisha" ni kazi ya magazeti na vitabu. "Andika" nililipenda, mpaka nikakumbuka kwamba wiki chache mbele atakutana na write, inayoandika kwenye faili, na hapo nitakuwa nimelimaliza neno zuri mahali pasipo pake. Nikabaki na "onyesha", maana ndicho kinachotokea: kilichomo ndani ya mashine kinaletwa mbele ya macho. Kutafsiri ni kutazama kitu kinafanya nini, kisha kukipa jina.

Sidai kwamba hapo Python imekuwa ya Kiswahili. Maneno kama if, while na def ni ya lugha yenyewe, hayabadilishwi kwa mstari mmoja, na ujumbe wa makosa unabaki Kiingereza. Atajifunza hayo, na print pia atairudia, kwa sababu ndiyo atakayoikuta kwenye kazi za wenzake. Ninachotaka ni siku ya kwanza asianze kwa kudhani kwamba haelewi, wakati anaelewa.

Nilipomwonyesha mstari ule, alifuta "onyesha" yangu. Akaandika sema = print. "Si inasema nilichoiambia?" Sikuwa na la kupinga. Mara ya pili kidole kikateleza akaandika sena, na Python, chini ya mistari ya kosa, ikamuuliza kwa Kiingereza chake kama alikusudia 'sema'.