Gari Yangu Ina Mtoto wa Jicho

Jamani mie naomba kuuliza, hivi hili jua la Pemba kwa nini halimsubiri mtu? Mwaka mzima saa kumi na mbili na kitu lishazama. Natoka kazini Chake saa kumi na moja, napita sokoni nanunua changu wawili, nasalimiana na watu watatu wanne, natia mafuta ya elfu kumi, mara adhana ya magharibi hiyo, nikitoka kuswali kiza totoro na mbele yangu kuna njia yote mpaka Wete, vilima na kona, na gari yenyewe ya mwaka 1999.

Kigari cha Kijapani, kidogo, kimepita mikononi mwa watu wanne kabla yangu. Injini haina neno. Tatizo macho. Zile taa za mbele za plastiki, jua limezipiga miaka yote hiyo mpaka ule utando wa juu unaozikinga umeliwa, zimekuwa rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Vijana wa barzani wameshaibatiza jina, Mtoto wa Jicho. Nikipita hawanisalimii mie wanaisalimia gari, "Mtoto wa Jicho huyoo, mshikeni mkono mumvushe!"

Nikiwasha taa ilikuwa lazima nishuke nikatazame kama kweli zimewaka. Kuna usiku nilipitwa na baskeli, mwenyewe kabana tochi ya simu mdomoni, nikaona bora nimfuate huyu huyu nyuma yake taratibu maana mwanga wake ulikuwa na faida kuliko wangu, alipokata kuingia kwao na mie nikakata, nikajikuta niko uani kwa watu wanakula.

Lakini nisikufuru, kutoona kulikuwa na raha yake moja. Watu njiani usiku wananyoosha mikono wanataka lifti, kesho yake mtu akinilalamikia "jana ulinipita pale kwenye mzambarau", namwambia wallahi sikukuona. Na ni kweli. Nusu.

Siku nilosema basi sasa yatosha ilikuwa msimu wa karafuu. Mnajua tena huku kwetu msimu ukianza, barabara nusu ya magari nusu ya karafuu, watu wanatandika majamvi pembeni ya lami zikauke, jioni wanazoa. Sasa kuna mzee mmoja alikuwa hajazoa. Mie naja na vitaa vyangu vya chai ya maziwa, nikahisi tu gari inakanyaga kitu kinalia kwachakwacha, halafu harufu ikapanda mpaka ndani, nikajua ee Mola wangu hizi si kokoto. Mzee hakunitukana hata neno. Laiti angetukana! Alikuja na kijiti na kifuniko cha sufuria, akachutama mbele ya tairi, akaanza kuzichokoa karafuu kwenye meno ya tairi moja moja, anachokoa, anapuliza mchanga, anatia kwenye kifuniko, ting, na mie nimeinama pembeni namulika kwa simu. Alipomaliza upande ule akanambia kwa upole, "Sogeza gari mbele kidogo mwanangu, kuna upande wa tairi sijauona." Tairi nne. Tumemaliza isha inaadhiniwa. Gari ikanuka pilau wiki mbili.

Nikapeleka kesi barzani, kosa langu la kwanza. Pale kwetu mtu akishashika kikombe cha kahawa basi yeye ni fundi, ni daktari na ni refa wa mpira kwa wakati mmoja. Wa kwanza akasema sugua kwa dawa ya meno. Nikabisha, akaapa mpaka kwa kaburi la babu yake. Nikenda nikasugua na kitambaa, na kweli kile kidawa kina chembechembe, kinakwaruza ule umanjano unatoka, taa zikang'aa. Usiku mama watoto ananiuliza, "Baba Nasra, dawa ya meno iko wapi?" Nikamwambia nimeipigia gari mswaki. "Na watoto?" Watatumia mkaa na chumvi kama tulivyokua sisi. Alinitazama, hakusema kitu, ila lile jicho lilikuwa na wati nyingi kuliko gari.

Asubuhi natoka nakuta mbuzi wa jirani kasimamisha miguu ya mbele kwenye bampa, anairamba taa ya kulia, macho kayafumba kabisa, ladha ya mnanaa imemkolea. Namfukuza anarudi. Siku tatu nzima mbuzi yule ananisindikiza mpaka njia kuu. Na baada ya wiki kadhaa umanjano ukarudi tena kwa hasira, maana ule utando wa kukinga jua ndo umekwisha na mie sikurudishia kitu. Mpaka alipokuja kijana mmoja wa rangi za magari akapiga msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000, kisha polishi, kisha akapulizia dawa yake ya kumaliza, hapo nakiri vioo vilitakata, unajiona sura.

Vioo safi, mwanga ule ule wa kibatari. Nikarudi tena barzani, sisikii.

Safari hii wakasema ni globu. Mle ndani mna H4, zile za miguu mitatu, fulu wati 60 na dimu wati 55, kijana akanambia "ami hizo za wazee, tia za 100 kwa 90". Nikatia. Siku ya kwanza nuru. Siku ya pili nuru. Siku ya tatu nikasikia harufu kama mtu anaunguza kandambili. Kushika swichi ya usukani, moto ungeweza kunyooshea kanzu, na ile plagi nyuma ya taa imeyeyuka imeganda na globu kama halua. Waya zenyewe nyembamba, zina miaka zaidi ya 20, ushazibebesha mzigo wa lori, ulitaka zifanye nini?

Hapo mtu mwenye akili angeacha. Mie kila nikitoka nakutana na hizi honda na vespa za siku hizi zina taa nyeupe, inakuja moja unadhani inakuja harusi nzima, inakupita unabaki unaona madoa ya kijani mpaka kitandani. Nikasema na mie potelea mbali natia LED, wacha na wao waonje. Boksi limechorwa ndege ya kivita na limeandikwa lumeni 20,000, lumeni ndo kipimo cha mwanga. Sasa H4 ya kawaida ikipigwa fulu inatoa kama lumeni 1,650, hii kitu saizi ya kidole gumba itatoa 20,000 kwa umeme upi? Hata kama fizikia skuli nilikuwa nakaa nyuma ningeshtuka, ila nilikuwa nishalipa elfu 60, na mtu akishalipa elfu 60 haulizi maswali.

Fundi akazitia kwa nguvu. Nasema kwa nguvu kwa sababu globu ya H4 ina masikio matatu, inakaa namna moja tu, lakini huyu bwana alikuwa na bisibisi na imani. Nyuma zina vifeni vya kupozea, mpira wa kuzuia maji ukawa haufungi tena, akanambia "uache tu ami, ipate hewa". Mvua ya kwanza taa ya kushoto ikapata hewa na maji nusu kikombe, nikipiga kona nayasikia chwaa, chwaa, pungufu samaki tu.

Na mwanga? Mwanga ulikuwepo, nisimsingizie mtu. Lakini ulikwenda juu. Lile bakuli la kioo mle ndani limepimwa kwa ule uzi wa globu ukae pahala pake hasa, ukileta kitu kingine, tena kimepinda, mwanga unatawanyika kila pahala isipokuwa barabarani. Napita njia ya Kidike, pale kwenye popo wetu, wale popo wa Pemba wakubwa ambao dunia nzima hawapatikani ila kisiwani hapa, mmoja akikunjua mabawa utadhani mwamvuli, basi nawaona wote juu ya mwembe wanakula, namuona huyu anatafuna, yule anatema kokwa, naona mpaka embe ipi bivu na ipi bado. Shimo la barabarani nikaliona kwa makalio.

Na kila anayekuja mbele ananipigia fulu. Jamani mie niko dimu! Nikimpigia fulu ili ajue kwamba nilikuwa dimu ndo namalizia kabisa. Dereva mmoja wa gari ya mchanga alisimama katikati ya njia, akashuka, mkono kauweka usoni kama anatazama mwezi, akaja mpaka dirishani kwangu. Nikajiandaa kwa matusi. Akaniuliza tu, "Bwana, unavua dagaa?"

Nikazima, nikenda kwetu kwa tochi.

Aliyenisaidia hata fundi gari si yeye, ni mzee mmoja anayetengeneza redio, alikuja kwa mambo mengine kabisa, kuna redio ya marehemu baba haikamati. Akaiona gari imefunguliwa boneti, akaniambia "hebu washa". Hakuniuliza globu gani wala bei gani wala nani kanifungia. Akatoa mita yake imezungushwa plasta, akagusa betri, gari inaunguruma, volti 13.5. Akaja nyuma ya taa akagusa plagi, 11. Akarudia. 11. Akanambia volti mbili na nusu zako zinapotelea njiani, na taa si kama feni kwamba volti zikipungua kidogo nayo itapunguza kidogo, hapo ushapoteza nusu ya mwanga. Halafu akafuata waya mweusi kwa kidole, taratibu, kama mtu anasoma msahafu, mpaka kwenye boliti moja chini ya betri. Akaifungua. Ilikuwa na unga wa kijani na mweupe, umeoteana kama kisiwa kidogo, upepo wa bahari miaka yote hiyo. Ile ndo ethi yangu, pale umeme unapopita kurudi betri. Akanionesha kwenye kiganja akasema, "Mwanangu, gari yako haina mtoto wa jicho. Ina njaa."

Akaikwangua kwa kisu na msasa mpaka bati likang'aa, akapaka grisi, akanituma rilei mbili, zile swichi za kubeba umeme mwingi, na fyuzi na waya mnene, elfu 30 yote na chai yake. Umeme ukawa unatoka betri moja kwa moja kwenda kwenye taa, ile swichi ya usukani sasa kazi yake kuamrisha tu, haibebi mzigo. Plagi mpya, na globu zile zile za wazee, 60 kwa 55, elfu 8 moja. LED akanirudishia kwenye mfuko, nimemtilia mama watoto jikoni, nazo hazikuwaka. Usiku tukaielekeza gari kwenye ukuta wa jirani, tukazishusha taa kwa bisibisi mpaka mwanga ukakatika vizuri, jirani akatoka na kikoi kuuliza kama kuna sinema.

Basi. Nikatoka Chake juzi saa moja usiku, nikawasha, yakhe! Barabara yote hii hapa. Naona mstari, naona majani pembeni, naona kuku wa mtu kalala pasipomstahiki, naona shimo kabla ya kuingia, nimefurahi mpaka nimeanza kaswida peke yangu. Nafika pale kwenye mzambarau, pembeni kuna watu, wa mbele kabisa shangazi yangu, dada yake baba, kasimama na ukanga wake, mkono kaunyosha, mwanga umempiga sawasawa usoni, mpaka jino la dhahabu nimeliona. Na yeye kaniona nimemuona.

Nikasimama.

Akaingia mbele na madoriani manne, yale yaliyokwisha kupasuka. Nyuma wakaingia wanne na jogoo, mmoja anakwenda Wete na watatu wanakwenda hapo mbele tu, ile hapo mbele ya Kipemba ambayo ina vilima sita. Vioo havifunguki, hiyo nyingine hadithi ya siku nyingine. Shangazi akajifunga ukanga vizuri, akaitazama barabara, akasema, "Mashaallah. Mwaka mzima unanipita hapa nasema masikini mwana wa kaka yangu, haoni. Kumbe zilikuwa taa."

Nikasema ndiyo shangazi.

"Kesho unapita saa ngapi?"

Nikawa bado natafuta uongo, mtu nyuma mwenye jogoo akajibu, "Huyu? Moja na robo hakosi."