Tuulizwe mmoja mmoja kwanza, mkutano uje baadae

Siku hizi wataalamu wakija mtaani na mradi wao lazima waitishe mkutano wa wananchi, na mimi hilo naliunga mkono kabisa, shida yangu ni namna mikutano yenyewe inavyoendeshwa. Watu wanakaa pale ofisi ya serikali ya mtaa, daftari la mahudhurio linazunguka, mtaalamu anaelezea, halafu mwenyekiti anasimama wa kwanza anasema sisi kama mtaa tumeupokea mradi kwa mikono miwili. Akishasema hivyo nani tena anyooshe mkono? Labda mzee mmoja mbishi. Wengine wanapiga makofi, hela ya nauli inatolewa, na kwenye ripoti inaandikwa wananchi walishirikishwa.

Na wale waliokaa kimya mara nyingi ndo wanaojua. Chukulia mafuriko ya hapa Dar. Mwenye nyumba bondeni hawezi kusimama mbele za watu akasema maji yanaingia ndani kwake kila masika, kesho nani atapanga? Au eneo likija kuwekewa alama ya X ya kubomolewa afanyeje? Lakini mama anayepanga chumba cha uani, anayenyanyua godoro usiku na kuteka tope na ndoo asubuhi, huyo anajua maji yanaanzia upande gani, yanafika dirishani au yanaishia kwenye kizingiti, na mtaro gani umezibwa na ukuta wa nani. Sasa huyo mama umweke mkutanoni mbele ya mwenye nyumba wake umuulize! Hatosema kitu, na ana haki asiseme.

Ndo maana Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar pamoja na wakazi, naikubali sana mpaka leo. Baada ya yale mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa jijini ilionekana wazi kwamba mitaa mingi haina ramani ya maana, na mwaka huohuo Tandale ilikuwa imeshachorwa na wanafunzi pamoja na wakazi wenyewe, kwahiyo 2015 kazi ikapanuliwa kwenda kata nyingine, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar na Ardhi wakaingia vichochoroni na wenyeji wakiwa na simu na GPS, wanapima mtaro upana wake na kina chake, wanauliza wakazi maji yalifika wapi, halafu vyote vinaingia OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bure. Baadae wakachora hadi mipaka ya mashina, yale maeneo madogo ndani ya mtaa, mipaka ambayo ilikuwa kichwani mwa wajumbe tu! Angalia kilichofanyika hapo, mtu ameulizwa akiwa mlangoni kwake, peke yake, majirani hawajakusanyika kumsikiliza.

Na hili la kuuliza mmoja mmoja lina ushahidi wake, siyo hisia zangu. Mwaka 1906 kule Plymouth Uingereza watu kwenye maonyesho ya mifugo walikadiria uzito wa nyama ya ng'ombe mmoja akishachinjwa na kutengenezwa, kila mtu anaandika kwenye tiketi yake, na mwanasayansi Francis Galton alipochukua zile tiketi 787 akapanga akatafuta jibu la katikati akakuta paundi 1,207 wakati uzito wenyewe ulikuwa 1,198. Wachinjaji walikuwepo, na watu wa kawaida tu walikuwepo. Halafu 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich kule Uswisi wakawapa wanafunzi maswali ya kukadiria, na wale walioonyeshwa majibu ya wenzao wakaanza kusogeleana, majibu yakafanana lakini hayakuwa sahihi zaidi, na kibaya zaidi watu wakawa na uhakika nayo kuliko mwanzo. Yaani mkutano wetu wa mtaa ndo huohuo.

Sisemi mikutano ifutwe. Kuna mambo lazima tukae tubishane, mfano mtaro upite wapi na nani aondoke, hayo huwezi kuyamaliza kwa dodoso. Ila mtaalamu aje mkutanoni akiwa tayari na majibu ya watu mkononi, ayaseme bila majina, kwamba nyumba kadhaa zimesema maji yanatokea hapa, hapo hata mwenyekiti anaanza na walichosema watu badala ya alichokuja nacho yeye.

Na wapangaji waitwe kama wapangaji, jamani. Hili linaniuma sana. Mitaa yetu mingi watu wengi wamepanga, lakini barua ya mkutano inamfikia mwenye nyumba, na saa nne asubuhi ya Jumatano muuza mboga yuko sokoni. Mradi wa Bonde la Msimbazi, wa kupunguza mafuriko ya Mto Msimbazi hapa Dar, ni mkubwa na unabadilisha maisha ya watu wengi, na miradi mingine ya namna hii inakuja, kwahiyo ninachoomba ni kitu kidogo tu, mkiwa mnapanga bajeti ya ukumbi na soda wekeni pia hela ya vijana wa mtaa kupita nyumba kwa nyumba jioni watu wakiwa wamerudi, na ramani ikikamilika ibandikwe ukutani pale ofisi ya mtaa ili yule mama aliyesema maji yanatokea wapi aone kama mlimwelewa.